MENO YA WATOTO WETU NI AKIBA
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa na wajumbe wako,
Walimu wetu na viongozi wa dini,
Akina mama wanakikundi wenzangu,
Akina baba mliokuja kutuunga mkono,
Watoto wetu wapendwa,

  

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Tulianza mwaka 2015, mwaka mmoja kabla Serikali haijatangaza kuhamia hapa Dodoma. Tulikuwa akina mama 17, tunakaa chini ya mwarobaini, sanduku letu ni la mbao na makufuli matatu. Leo tuko 30. Wapo wenzetu waliotangulia mbele ya haki, naomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, kabla sijaendelea naomba niseme jambo ambalo najua umeshaliona kwa macho yako. Umeona sare zetu zimepauka. Kitenge hiki ni kile kile cha miaka mitano iliyopita. Kwa kawaida kikundi kikifikisha miaka kumi kinashona sare mpya, na sisi fedha ya kushona tulikuwa tumeshaichanga. Fedha hiyo haikupotea na wala haikuliwa. Nitaeleza ilikokwenda nikifika mbele.

Katibu wetu ameshasoma risala na Mweka Hazina ameshatoa hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Kwa hiyo mimi sitarudia. Nimeomba niongee juu ya jambo moja tu, nalo ni meno ya watoto wetu walioko shule ya msingi. Najua wapo watakaojiuliza, mwenyekiti wa kikundi cha fedha ameingiaje kwenye meno? Mimi si daktari. Elimu yangu ni darasa la saba, la enzi zile za kukaguliwa mstarini kucha, nywele na meno, na ukikutwa mchafu unarudishwa nyumbani. Lakini jambo hili nimejifunza kwa gharama, na katika gharama hiyo mimi mwenyewe nina makosa. Ndiyo sababu naona ni haki yangu kulisema.

KISA CHA MJUKUU WANGU

Wengi wenu mnajua mjukuu wangu mmoja anakaa kwangu. Mwaka juzi alikuwa darasa la tatu. Akaanza kulalamika jino la chini, upande wa kulia, nyuma. Nilichungulia nikaona tundu jeusi. Nikamwambia, usihangaike mjukuu wangu, hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe litaota jingine. Nikampa maji ya chumvi asukutue. Usiku likimuuma zaidi nikaweka karafuu. Karafuu inatuliza kweli, mtoto akalala, na mimi nikaona nimetibu.

Yakapita majuma kadhaa hivyo. Leo linauma, kesho linanyamaza. Siku jino liliponyamaza kabisa nilifurahi, kumbe ndiyo siku lilipokufa ndani. Baadaye shavu likavimba hata jicho likawa dogo, homa ikapanda, mtoto hawezi kufungua mdomo. Ikabidi nitoke usiku kumwamsha Mweka Hazina, naye awaamshe wenye funguo, nipate mkopo wa dharura kutoka mfuko wa jamii. Hapo nawashukuru sana wenzangu, maana hakuna aliyeuliza maswali.

Tulipofika hospitali, tabibu wa meno alimwangalia mtoto, akampa dawa ya kupunguza uvimbe, na baada ya siku chache akaling'oa lile jino. Kisha akaniambia kwa heshima tu, "Mama, hili halikuwa jino la utoto. Hili ndilo alilopewa la kudumu. Halitaota jingine."

Nikabisha. Nikasema haiwezekani, mtoto huyu nimemlea mimi, jino hili sijaona likitanguliwa na jingine. Akaniambia, "Ndiyo maana akina mama wengi wanakosea. Hili halisubiri jino litoke ndipo liote. Linakuja nyuma ya meno ya utoto, mtoto akiwa na miaka sita hivi, kimya kimya."

Halafu akamuuliza mtoto, "Shuleni mnakula nini mapumziko?"

Mtoto akajibu, "Barafu za bibi."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Wanakikundi mnajua, lakini wageni hamjui. Mkopo wangu wa pili katika kikundi hiki nilinunulia friji. Nilikuwa naganda barafu za ukwaju na za rangi, na pamoja na barafu nilikuwa nauza ubuyu wa sukari, kashata na pipi, nje ya geti la shule. Nilirejesha mkopo kabla ya wakati. Mabati ya nyumba yangu yametoka kwenye biashara hiyo. Katika kikao nilisifiwa kuwa mfano wa mkopaji mwema. Na mjukuu wangu alikuwa anapita pale kila mapumziko, hachajiwi, ni barafu za bibi.

JINO LA SITA

Naomba sasa niwafundishe kile nilichofundishwa siku ile. Tumezoea kuhesabu hisa, kwa hiyo hili halitatushinda.

Mtoto mdogo ana meno ya utoto 20, kumi juu na kumi chini. Ukianzia katikati ya mbele kwenda upande mmoja utahesabu matano: mawili ya mbele, chonge moja, na magego mawili madogo. Mtoto akifika miaka sita, mvulie mdomo kwenye mwanga uhesabu tena. Ukikuta jino la sita nyuma ya yale matano, hilo ni gego la kudumu. Yapo manne, kila pembe moja. Mtu mzima ana meno hadi 32, na haya manne ndiyo yanayotangulia na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya kutafuna maisha yote. Kwa hiyo kariri hivi: mwaka wa sita, jino la sita.

Jino hili linakuja likiwa bado laini, na juu yake lina mifereji mfano wa shamba la matuta. Chakula kinakaa mle. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kulifikia vizuri kwa mswaki, na mama hajui kama limeota. Ndiyo maana linatoboka upesi kuliko mengine.

Hali kadhalika tusidharau meno ya utoto. Yakioza mtoto anaumwa vile vile, halali, hasomi. Pia ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya kudumu. Yakitolewa mapema mno, yale mengine yanasogea na meno makubwa yanakuja kukosa mahali, yanapandana.

JINO LINAVYOOZA

Wazee wetu walisema jino linaliwa na mdudu. Hawakuwa mbali sana na ukweli, ila mdudu mwenyewe haonekani kwa macho. Kinywani mna vijidudu vidogo vinavyokaa kwenye ule utando laini tunaouita ukoga. Ukila sukari, navyo vinakula, na vikila vinatoa tindikali. Tindikali ile inalainisha jino. Mate yanafanya kazi ya kuiondoa na kulirudishia jino nguvu, lakini yanahitaji muda, nusu saa na zaidi.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoelewa. Tatizo kubwa si sukari nyingi kwa mara moja, ni sukari ya mara kwa mara. Mtoto akila kitu kitamu pamoja na chakula, halafu basi, mate yanapata nafasi. Lakini mtoto anayemumunya pipi njiani kwenda shule, barafu saa nne, ubuyu saa saba, kashata wakati wa kurudi, na soda jioni, meno yake hayapumziki kutwa nzima. Ni sawa na mwanachama anayekopa kabla hajarejesha, anakopa tena, anakopa tena. Siku moja hisa zimekwisha.

Wala si sisi peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na watoto zaidi ya milioni 500 meno yao ya utoto yameoza. Zamani huku kwetu tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mtama, mlenda, karanga na maboga. Sukari ilikuwa ya mgeni na ya sikukuu. Siku hizi pipi inamfikia mtoto hata kijijini ambako maji ya bomba hayajafika.

MAJI YETU NA MENO YA KAHAWIA

Jambo jingine ni la hapa kwetu hasa. Mikoa ya kati na ya kaskazini, Singida, Manyara, Arusha, Shinyanga na sehemu za Dodoma yetu, kuna visima vyenye madini ya floraidi kwa wingi. Kidogo yanasaidia jino. Yakizidi, yanaharibu rangi na sura ya meno wakati yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, yaani kabla mtoto hajafika kama miaka minane. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Nchi yetu kwa sababu ya shida ya maji iliwahi kuruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini, baadaye ikashusha hadi 4, na mwaka 2018 ikafikia hiyo hiyo 1.5. Lakini kushusha kiwango kwenye karatasi hakubadilishi kisima kilichokwisha chimbwa.

Nasema hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtoto mwenye meno ya kahawia si mchafu. Walimu na wazazi tusimcheke wala kumchapa, na tusimsugue kwa mchanga, majivu au mkaa. Rangi ile haitoki kwa kusugua, mtakwangua jino bure. Ya pili, kuchemsha maji kunaua vijidudu na tuendelee kuchemsha, ila hakuondoi floraidi. Wenye visima vyenye shaka waombe vipimwe. Maji ya mvua yakivunwa vizuri hayana shida hiyo, kwa hiyo tukiyapata tuyatenge yawe ya kunywa watoto wadogo.

Na hapa naomba akina mama Wagogo mnisamehe, magadi tunayoweka kwenye mlenda na maharage nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Sisemi tuache mlenda, nani ataweza? Nasema mboga ya mtoto mchanga na ya mama mjamzito tusiweke magadi, au tuweke kidogo sana.

MENO YA PLASTIKI

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 1991 binti yangu, ambaye ndiye mama wa huyo mjukuu, alikuwa na miezi sita. Akapata homa na kuharisha. Majirani wakanifunulia fizi zake wakanionyesha mahali palipovimba penye weupe, wakasema hayo ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto anakufa. Wakati ule habari hiyo ilikuwa imeenea kila mahali. Nikampeleka kwa mtu anayeyatoa. Akamfukua fizi kwa spoku ya baiskeli. Nilimshika miguu mimi mwenyewe.

Kilichotolewa hakikuwa plastiki. Kilikuwa chonge cha mtoto kikiwa bado kichanga ndani ya fizi. Mungu alisaidia binti yangu akapona, lakini wapo waliopoteza damu au kupata maambukizo wakafa, na kuharisha kwenyewe kulikuwa hakujatibiwa. Meno yale ya kudumu ya pembeni kwa binti yangu moja halikuota na jingine liliota limepinda. Mpaka leo ni mama mtu mzima, akicheka anaziba mdomo kwa mkono.

Msidhani mambo hayo yamekwisha kabisa. Kuna mabinti wanaozaa leo wanaambiwa maneno yale yale. Mtoto mchanga akiwa na homa na kuharisha, apewe maji yenye chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, aendelee kunyonya, apelekwe zahanati. Fizi zake ziachwe. Bibi akikushauri vingine, mwambie mwenyekiti wetu alishafanya kosa hilo kwa niaba yetu sote.

TULIVYOGOMBANA

Niliporudi kutoka hospitali na mjukuu wangu, nilikaa wiki mbili sijaganda barafu. Halafu nikaleta jambo hili kwenye kikao. Nikaomba kikundi kisitoe tena mkopo wa kuuza vitu vya sukari kwenye mageti ya shule. Tukahesabu, tukakuta wanachama sita wanategemea biashara hiyo, mimi wa saba.

Ndugu Mgeni Rasmi, sitaficha, tuligombana. Mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti, wewe umeshaezeka nyumba kwa barafu. Sasa umeshiba unatufungia sisi mlango." Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mwingine akauliza, tukiacha sisi, si atakuja muuzaji mwingine kutoka mtaa wa pili? Nalo lilikuwa la kweli. Kikao kikavunjika bila dua. Kwa majuma matatu watu walikuwa wanaleta hisa na kuondoka bila kusalimiana.

Tulikuja kupatana hivi. Hatukumfukuza mtu wala kumtoza faini. Tulikubaliana kwamba anayetaka kubadilisha biashara ya getini apewe mkopo mdogo usio na riba, kwa miezi mitatu. Badala ya barafu na pipi, auze karanga za kukaanga, mihogo na mayai ya kuchemsha, mahindi, matango, na wakati wa msimu zabibu zetu za Dodoma. Tukaenda kwa Mwalimu Mkuu na kamati ya shule, nao wakakubali kwamba wauzaji wa vitu hivyo wapewe nafasi karibu na geti, penye kivuli.

Mimi nilianza na karanga na mayai. Faida ilishuka karibu nusu kwa miezi ya mwanzo, maana mtoto aliyezoea barafu hakimbilii yai. Baadaye walizoea, hasa wale waliokuwa wanakuja shule bila kunywa chai. Friji lile sasa linapoza maji na maziwa ya mgando. Katika wale sita, wanne wamebadilisha. Wawili bado, na siwataji kwa sababu najua nyumbani kwao kuna watoto wangapi na nani anayewalisha. Muuzaji kutoka mtaa wa pili naye alikuja kweli, yuko ng'ambo ya barabara mpaka leo. Hatujashinda bado, lakini tumeanza.

SARE MPYA ILIKOKWENDA

Mwaka huu tulipochanga fedha ya kitenge, aliyesimama kutoa wazo si mimi. Ni yule yule mama aliyeniambia nimeshiba. Akasema, "Sare hii bado inasitiri. Fedha hii tununue miswaki." Tukapiga kura, ikapita. Tukanunua miswaki midogo na dawa ya meno yenye floraidi kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili wa shule ya jirani. Tukaomba tabibu wa meno, akaja siku nzima akakagua vinywa na kuwafundisha watoto kupiga mswaki, kila mtoto na kikombe chake.

Siku hiyo nilijifunza jambo lililonitia moyo. Nilidhani jino likishatoboka ni la kung'oa tu. Tabibu akatueleza kwamba tundu likiwa bado dogo, jino linazibwa kwa vifaa vya mkono, bila mashine ya kutoboa na bila umeme. Anakwangua sehemu iliyooza taratibu, anaziba kwa dawa maalum inayoshikamana na jino, mtoto anaendelea na masomo. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Na njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa chuo cha meno Dar es Salaam walipokuwa wanatafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini. Mwaka 1994, ambapo Siku ya Afya Duniani ilihusu kinywa na meno, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi nyingine. Na mwaka 2021 shirika hilo liliingiza dawa ya meno yenye floraidi pamoja na ile dawa ya kuzibia katika orodha yake ya dawa muhimu. Sasa kama kitu kilianzia kwetu, kwa nini mjukuu wangu alifika kwenye kung'olewa? Ni kwa sababu bibi yake hakujua kuhesabu hadi sita.

MAOMBI YANGU KWENU

Akina mama wenzangu, naomba tuondoke hapa na mambo haya:

1. Mtoto apige mswaki mara mbili kwa siku, na ile ya usiku kabla ya kulala ndiyo kubwa. Baada ya hapo ni maji tu.

2. Mpaka afike miaka saba au minane, mama, bibi, baba au dada mkubwa amsimamie. Mtoto anayejipigia mwenyewe anasugua ya mbele tu, ya picha.

3. Dawa ya meno iwe kidogo: kwa mtoto chini ya miaka mitatu kama punje ya mchele, kwa mkubwa zaidi kama punje ya kunde. Ateme, asimeze. Huku kwetu penye floraidi hilo la kutomeza ni muhimu zaidi.

4. Asiye na fedha ya mswaki wa dukani atumie kijiti cha mti wa mswaki, kichanga, kilichotafunwa ncha mpaka kiwe laini, na akipaka dawa kidogo ni vizuri zaidi. Kila mtu awe na chake.

5. Vitu vitamu viliwe pamoja na chakula, si kutwa nzima. Kwenye mkoba wa shule tuweke karanga au tunda.

6. Mtoto akitimiza miaka sita, mhesabu meno. Ukiona tundu hata dogo, hata kama haliumi, mpeleke likazibwe. Usisubiri kuvimba.

7. Uvimbe wa shavu au chini ya taya wenye homa, mtoto hawezi kumeza au kufungua mdomo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mfuko wa jamii uko kwa ajili hiyo, amsheni watu. Msiweke petroli wala maji ya betri kwenye jino. Yanaunguza fizi na hayatibu.

Kwa Ndugu Mgeni Rasmi na Ndugu Diwani, ombi letu ni moja. Tusaidieni tabibu wa meno afike katika shule za kata yetu mara mbili kwa mwaka, akiwa na vifaa vya kuzibia, si koleo la kung'olea peke yake. Kikundi kitapika chakula chake na kuchangia nauli. Na kila tarehe 20 Machi, ambayo ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tunaomba iwe siku ya kukagua meno ya darasa la kwanza katika shule zetu.

Kwa walimu, tunaomba ule ukaguzi wa mstarini wa zamani urudi, ila bila fimbo na bila kumrudisha mtoto nyumbani. Mkiona jino bovu, mwandikieni mzazi karatasi.

Na kwa wale wenzetu wawili, mkopo usio na riba bado upo. Hakuna atakayewauliza mlichelewa kwa nini. Mimi mwenyewe nilichelewa.

Ndugu wananchi, miaka kumi tumejifunza kwamba fedha iliyoibwa sandukuni inaweza kutafutwa, hisa iliyopungua inaweza kujazwa. Jino la kudumu la mtoto likitoka halijazwi. Mjukuu wangu yuko darasa la tano sasa, amekaa pale mbele na wenzake. Pengo lake liko nyuma, hamwezi kuliona. Mimi ninaliona kila akitafuna, anatafunia upande mmoja.

Kikundi hoyee! Watoto wetu hoyee!